Damu Isiyo na Mwenyewe

Gelasius alikuwa amejibana tangu jana asubuhi, na sasa jua lilikuwa limepanda tena. Alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba akijifanya anachonga mpini wa jembe, kumbe alikuwa anamvizia mkamwana wake, Epifania, achukue ndoo aende kisimani. Epifania hakuwa na haraka. Alifagia uwanja wote, akaanika mtama, akaingia chooni, akatoka, kisha akashika tena ufagio na kurudia upande aliokwisha kuufagia. Mzee wa watu alimeza mate.

"Mwanangu," alimwita mwishowe bila kumtazama, "maji yamo ndani?"

"Yamo nusu mtungi, Baba."

"Nusu haitoshi. Leo kuna joto."

Epifania alichukua ndoo akaondoka. Gelasius alingoja mpaka mgongo wake ulipopotea nyuma ya nyumba ya balozi, akatupa mpini chini, akaelekea chooni mbiombio, mkono mmoja umeshika suruali. Kumwona mtu mwenye mvi anakwenda hivyo kulitosha kumchekesha yeyote, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kicheko.

Kule kwao baba mkwe na mkamwana hawachangii choo. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu anaijua. Walipokuwa wakikaa mashambani, kila mji na pori lake, jambo hili halikumsumbua mtu: wanawake walikwenda upande wa mto, wanaume upande wa kilima, basi. Kisha serikali ikahamisha watu wote wakakae vijijini. Karibu na Ushirombo nyumba zikapangwa mistari, pori likafyekwa, na kila kaya ikaambiwa ichimbe choo. Na nani alipita mlango kwa mlango kuwaambia? Gelasius mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya afya ya kijiji. Alilitaja neno hilo mara nyingi mpaka watoto wakambandika jina la Mzee Choo, naye akawa anacheka nao.

Choo chake kilikuwa cha mfano. Alianza kuchimba na cha pili, cha wazee, lakini alipofika kimo cha kiuno jembe liligonga mwamba, akaacha. Kile kimoja akawaachia wanawake. Mkewe Paskazia alipomwuliza yeye atakuwa anakwenda wapi, alijibu, "Nitatumia cha ofisi ya kijiji," na Paskazia hakuuliza tena, maana mtu mzima hafuatwifuatwi kwa mambo hayo. Choo cha ofisi kilititia kwa mvua ya kwanza, na nyumbani hakusema. Vichakani hakuweza kwenda, kwa kuwa juzijuzi tu alikuwa amemkaripia mtu hadharani kwa kosa hilohilo. Kwa hiyo mwenyekiti wa afya alibaki na nafasi mbili: aingie kwa kunyata kwenye choo chake mwenyewe kabla hakujapambazuka, au mchana wanawake wakiwa mbali. Zikikosekana zote mbili, alijibana.

Siku hiyo alichuchumaa muda mrefu, jasho likimtoka. Choo kilitoka kigumu na kikavu, kikamkata kama wembe, na baada yake ikaja damu, nyekundu kabisa, ikadondoka matone kwenye gogo la kukanyagia. Aliifuta kwa majani. Haikuwa mara ya kwanza wala ya pili. Kaka yake Pantaleo alianza hivihivi, akasema itapita, na akazikwa kabla pamba ya mwaka ule haijavunwa. Gelasius alitoka chooni, akarudi kwenye kigoda chake, akaokota mpini. Aliogopa sana, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Hesabu aliyoipiga ilikuwa rahisi: asiyekula haendi. Jioni Paskazia aliporudi kutoka shambani na kuivisha ugali wa udaga wa muhogo na dagaa, mzee alimega tonge mbili akanawa.

"Baba Leodgar, chakula kibaya?"

"Kizuri. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Na maji hutaki?"

"Nimekwambia nimeshiba, mama. Kushiba nako ni kosa?"

Paskazia aliondoa sahani akinung'unika. Alidhani mumewe ana hasira naye, akatafuta moyoni alichomkosea, asikione.

Mtu anayeingia chooni gizani haoni anachokiacha nyuma yake. Gelasius alipata kuingia alfajiri mara kadhaa wiki ile, akaona amefanikiwa. Lakini kila kulipokucha Paskazia aliyakuta matone kwenye gogo, mabichi, mekundu. Alinyamaza mara ya kwanza. Mara ya pili alihesabu vichwa: waliotumia choo kile walikuwa wanawake wawili, yeye na mkamwana wake. Kijana wao Leodgar alikuwa Shinyanga, akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na mzee alikuwa na choo chake cha ofisi. Yeye Paskazia siku zake zilikwisha koma zamani.

Na Epifania alikuwa ameshasema ana mimba. Alimwambia mama mkwe wake kwa haya, uso kwenye kanga, baada ya mwaka mzima na nusu wa watu kuulizana mbona kimya. Paskazia alifurahi akashindwa kujizuia, akawaambia wanawake wote kisimani. Sasa akajiona amechekesha watu.

Alimkuta Epifania jikoni akichochea moto.

"Epifania, ile damu chooni ni ya nani?"

"Hata mimi nimeiona, Mama."

"Sikukuuliza kama umeiona."

"Si yangu."

"Basi ni yangu mimi? Mimi niliyesahau mambo hayo tangu mume wako yuko shule? Tuko wanawake wawili tu humu."

 Macho ya Epifania yalikwenda kwenye ukuta wa udongo uliotenganisha jiko na chumba alichokuwamo baba mkwe wake, yakarudi haraka kwenye moto.

"Si yangu, Mama. Haki ya Mungu."

"Usimtaje Mungu. Ama hukuwa na mimba ukanidanganya, nikaenda kujitangazia kisimani kama mwehu, ama ulikuwa nayo unaitoa kwa madawa. Chagua mwenyewe mojawapo."

Nyuma ya ukuta Gelasius alisikia kila neno. Aliinuka. Alifika mlangoni, akashika mwimo. Kulikuwa na maneno machache tu ya kusema, na jambo lingekwisha palepale. Lakini aliyasikia masikioni kabla hayajatoka: Mzee Choo anatoka damu nyuma, na ameitoa kwenye choo cha mkwewe. Aliwaona vijana wa ofisini wakishikana mbavu. Akamwona na mkamwana mwenyewe, asiyewahi kumtazama usoni, akijua mambo ya makalio yake. Akarudi kitandani akakaa.

Tumbo halifichiki, alijiambia. Likikua litamtetea lenyewe.

Alikwenda zahanati. Tusimnyime haki yake: alitembea mpaka misheni jua likiwaka, akapanga foleni pamoja na akina mama waliobeba watoto wenye homa. Dirishani alikuwapo karani mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani.

"Unaumwa nini, mzee?"

Gelasius alisogeza kichwa karibu na dirisha. "Ningependa kumwona mganga."

"Kila mtu anapenda kumwona mganga. Unaumwa nini, nijue nakupeleka wapi? Sema kwa sauti, hapa kuna kelele."

Foleni yote ilinyamaza kumsikiliza. Nyuma yake, wa pili, alikuwa jirani yake Generosa, yule ambaye habari zikimfikia asubuhi, mchana zimeshavuka kijiji.

"Kichwa," alisema Gelasius. "Kinanigonga."

Alipewa vidonge vya kichwa. Njiani alivimeza viwili bila maji, kwa kuwa aliona haya kuvitupa.

Leodgar aliitwa akaja kwa basi, amevaa shati la mjini na uso wa mtu asiyelala. Wakakaa kikao ndani ya nyumba, mlango umerudishwa. Paskazia alikuwapo, Epifania alikaa chini kwenye mkeka karibu na mlango, na Ngassa, balozi wa nyumba kumi, aliombwa aje awe shahidi. Paskazia alieleza yote. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi, na hilo ndilo lililoumiza zaidi, kwa kuwa kila alichosema kilikuwa kweli isipokuwa mwenye damu.

"Epifania," alisema Leodgar, "sema tu ukweli, yaishe."

"Nimeshausema."

"Sasa damu hiyo imetoka wapi? Imeshuka mbinguni?"

"Mimi najua haikutoka kwangu. Hayo mengine msiniulize."

"Ndiyo majibu ya kumjibu mumeo hayo?" Paskazia aliuliza.

Ngassa alikohoa. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe mapema. Alimgeukia Gelasius. "Mwenyekiti, wewe ndiye mwenye mji. Tumekaa hapa muda wote hujatia neno. Unasemaje?"

Kila mtu alimtazama. Na Epifania, ambaye tangu aolewe alikuwa akizungumza na baba mkwe wake macho yake yakiwa ardhini, aliinua uso akamtazama moja kwa moja. Hakuwa analia. Alikuwa anangoja.

Gelasius aliliona lile jicho. Alilielewa kwa nusu, na ile nusu akaikimbia.

"Haya ni mambo ya wanawake," alisema. "Mimi simo."

Epifania aliinamisha uso. Walipomwuliza kama ana la kuongeza alitikisa kichwa. Kesho yake alifunga nguo zake kwenye kanga akarudishwa kwao Bugarama. Leodgar alimsindikiza mpaka barabarani penye malori, akarudi kabla lori halijaja, kwa kuwa basi lake la Shinyanga lilikuwa linaondoka. Binti alikaa pale peke yake juu ya mzigo wake. Generosa alipita akamsalimu, akamwuliza anasafiri kwenda wapi, ingawa alijua.

Na hapo likatokea jambo ambalo Gelasius hakulitegemea. Damu ilikoma.

Haikukoma siku moja. Ila kwa kuwa mkamwana hayupo, mzee hakuwa na sababu ya kunyata. Alikuwa anaingia chooni mchana kweupe wakati wowote mwili unapomwita, hata Paskazia akajua sasa anatumia cha nyumbani, akaona ni sawa. Hofu ya kwenda ilipopungua alianza tena kula na kunywa maji. Matone yakawa machache, na kwa kuwa sasa aliingia kwenye mwanga, aliyaona akayafukia kwa majivu. Mwishowe hayakuonekana kabisa.

"Umeona?" Paskazia alimwambia jioni moja wakipukuchua mahindi. "Tangu aondoke, gogo ni safi. Na wewe hata kula umeanza kula. Yule msichana alikuwa ametuletea mkosi humu ndani."

"Usiseme hivyo, mama."

"Niseme vipi? Damu ilikuwapo akiwapo, ameondoka imekoma. Hata mtoto mdogo anaelewa hapo."

Gelasius alipukuchua bunzi ambalo lilikuwa limekwisha kupukuchuliwa. Lilikuwa jambo la kutisha, jinsi uongo ulivyokaa vizuri mahali pake. Usiku hakuweza kupata usingizi kwa raha. Alikaa kanisani Jumapili kwenye benchi lake la kila siku, watu wakimpa mkono, naye akajisikia kama mtu aliyehamia kijijini asikomjua mtu. Mkewe alikuwa karibu naye zaidi ya zamani, akimwekea mboga nyingi, akimtania. Utani wake ulimkata moyo.

Kisha Paskazia akaleta habari kwamba amempata msichana. Jina lake Philomena, wa familia nzuri, baba yake anaimba kwaya. Leodgar ameshatumiwa salamu, hajakataa.

"Lakini ndoa ya kanisa haivunjiki hivihivi," alisema Gelasius.

"Padri tutamweleza. Mwanamke anayetoa mimba, padri atasema nini?"

Usiku ule aliamua kwenda kuujua ugonjwa wake. Kama ni ule wa Pantaleo, atasema kila kitu akiwa kitandani, na mtu anayekufa husamehewa. Hilo ndilo lilikuwa tumaini lake, na ni tumaini la aibu, lakini alikuwa nalo.

Safari hii aliingoja foleni iishe. Karani alipokwenda kula, Gelasius aligonga mlango wa mganga msaidizi, kijana wa Ushirombo aitwaye Ansgar, akaingia, akasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwanangu, natoka damu huku nyuma. Nilikuwa natoka. Sitaki habari hii isikike nje."

"Kaa, Mzee. Hapa hakuna kinachotoka." Ansgar alifunga mlango kwa komeo. "Damu yenyewe ilikuwa nyekundu, au nyeusi kama lami?"

"Nyekundu."

"Imechanganyika na choo, au inadondoka mwishoni?"

"Mwishoni. Matone."

"Na maumivu?"

"Kama nakatwa."

"Umekonda?"

"Nilikonda. Nilikuwa sili."

"Kwa nini?"

Gelasius alitazama sakafu. "Nisije nikaenda chooni."

Ansgar hakucheka. Alimwomba alale ubavu, avute magoti kifuani. Mwenyekiti wa kamati ya afya alilala hivyo, uso ukutani, akiitazama rangi iliyobambuka, akamshukuru Mungu kwamba mama yake hayupo duniani. Haikuchukua muda. Kisha akaambiwa avae, sehemu ndogo ya choo chake ikapelekwa kwenye darubini kuangaliwa kichocho na minyoo, akangoja nje chini ya ukingo wa paa. Alipoitwa tena alikuwa ameshasali sala zote alizozijua.

"Mzee, kichocho hakijaonekana. Kuna mpasuko mdogo pale mlangoni, umeanza kufunga wenyewe. Na kuna mshipa umevimba kidogo, ile watu wanaita bawasiri. Vyote viwili vinaletwa na choo kigumu na kujikamua."

"Ni ya kufa?"

"Hii siyo ya kufa."

"Kaka yangu alikufa kwa damu."

"Ya kaka yako siijui, Mzee, wala siwezi kuisemea. Ndiyo maana mtu akiona damu anakuja kuangaliwa, hakai nyumbani akijipa majibu. Hii yako nimeiona. Kunywa maji mengi, kula mboga za majani na mapapai. Kalia maji ya vuguvugu ukisikia maumivu. Usijikamue. Na mwili ukikuita, nenda hapohapo. Ikirudi na isiache, au ikawa nyingi, au choo kikawa cheusi, au ukaanza kukonda huku unakula, uje siku hiyohiyo." Aliandika kwenye daftari lake. "Ulikuwa unajibana?"

"Nilikuwa na mkamwana nyumbani. Na choo ni kimoja."

"Ahaa." Ansgar alikuwa mtoto wa palepale, hakuhitaji kuelezwa. "Na sasa?"

"Sasa hayupo."

"Basi ndiyo maana umepona," alisema Ansgar, akidhani amempa mzee habari njema.

Gelasius alitoka akasimama uani. Alitakiwa afurahi. Hatakufa, ataiona pamba ya mwaka huu na wa mbele. Lakini akiwa hatakufa, basi itabidi aishi, aonane na watu, aone harusi ya Philomena. Alikaa kwenye jiwe akalia kimya, kofia mbele ya uso, na waliopita walidhani amefiwa.

Hakwenda nyumbani. Alipanda lori lililokuwa linapeleka magunia ya chumvi upande wa Bugarama, akakaa juu pamoja na vijana waliokuwa wanakwenda kujaribu bahati zao kwenye mashimo ya dhahabu. Walizungumza njia nzima juu ya watu waliotajirika ghafla. Yeye alipanga maneno. Aliyapanga, akayapangua, akaona yote ni mabaya.

Bujiku, baba yake Epifania, alikuwa anafunga ndama alipomwona. Hakumkimbilia kumpokea.

"Mwangaluka," alisalimia Gelasius kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Umekuja kudai ng'ombe?"

"Hapana. Nimekuja kusema neno. Na ningeomba binti awepo."

Bujiku alimtazama muda mrefu, kisha akaita. Epifania alitoka nyumba ya nyuma polepole, akajifunika vizuri kanga yake, lakini kanga haikusaidia kitu. Tumbo lilikuwa limejaa, la duara, la juu. Alipiga magoti kwa shida mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, Baba."

 Gelasius alilikodolea macho lile tumbo, na maneno yote aliyoyapanga juu ya magunia ya chumvi yakaisha. Akasema alivyoweza. Kwamba ile damu ilikuwa yake. Kwamba alikuwa anaingia kile choo alfajiri. Kwamba alisikia alipokuwa anashutumiwa, na kikaoni alikaa pale akasema yeye hamo. Bujiku aligeuza uso upande wa zizi, maana kumsikia mkwe mwenzako anasema mambo hayo mbele ya bintiyo hakuvumiliki.

Epifania alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, Baba," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kile chumba changu kilikuwa karibu na choo. Nilikuwa nakusikia alfajiri unajikamua, unalia chinichini, unawaita watakatifu. Nilijua kuwa ni wewe."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Nisimame mbele ya balozi na mume wangu, niseme baba mkwe wangu anatoka damu? Kinywa gani kingesema hivyo?" Alivuta kanga mabegani. "Nilifikiri unakufa. Nikasema, akimaliza kuogopa atasema mwenyewe. Nikakutazama siku ile. Nilikutazama, Baba."

"Niliona."

"Barabarani pia nilingoja. Malori mawili yalipita nikayaacha, nikisema labda utakuja."

Gelasius aliinama akashika magoti yake. Zizini ndama alikuwa analia kwa sababu amefungwa mbali na mama yake, na hakuna aliyemsogelea.

"Umepata dawa?" Epifania aliuliza baadaye.

"Nimepata. Wamesema ni jambo dogo tu."

"Ni jambo dogo," alisema Epifania.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Tafadhali. Nitachimba choo kingine, hata kama ni kupasua huo mwamba."

"Mama umeshamwambia?"

Gelasius alivua kofia, akaishika mikononi.

"Leodgar je?"

"Bado. Nimeanzia kwako."

"Mimi nilikuwa najua," alisema Epifania taratibu, bila ukali wowote, akijiinua kwa mkono mmoja kutoka ardhini. "Umekuja mbali kumwambia mtu anayejua. Basi bado hujasema, Baba."

Gelasius alimkuta Paskazia nyuma ya nyumba akichambua mchicha, kesho yake alasiri. Mkewe alikuwa amelala macho kwa wasiwasi. Alikwisha kwenda mpaka kwa Ngassa kuuliza kama mzee ameonekana. Alipomwona akaanza kugomba, kisha akauona uso wake akanyamaza.

Gelasius alisema akiwa amesimama. Aliona akikaa hatasema. Alimwambia yote, la gizani na la zahanati na la Bugarama, akamwambia tumbo alivyoliona. Paskazia alikuwa ameshika shina la mchicha, akaendelea kulishika muda wote huo.

"Anayo?" aliuliza.

"Anayo. Kubwa."

"Na mimi nilimwita mwuaji mbele ya balozi." Alifumba macho. "Philomena wa watu nimeshamwambia mama yake."

"Kosa ni langu. Nitawaambia wote. Hata mkutanoni nitasema."

"Ulianza lini?"

"Baada ya mvua ya kwanza."

"Miezi yote hiyo ulikuwa unaumwa unadhani unakufa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unalala wapi?"

Gelasius hakulielewa swali. "Humu. Nilale wapi tena?"

"Na mimi nilikuwa nalala wapi?"

"Kando yangu," alisema Gelasius.

Paskazia alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona ndivyo alivyodhani. Aliinuka, akakung'uta majani kwenye nguo. Tangu Leodgar azaliwe hakuwahi kumwita mumewe kwa jina lake. Siku hiyo alimwita.

"Yule mtoto nitakwenda kumwangukia kesho, kwa magoti haya haya, akitaka anisamehe, asipotaka basi. Lake lina pa kupelekwa. Lakini hili la kwangu mimi na wewe, Gelasius, sijui tutalipeleka kwa nani."

Aliingia ndani. Gelasius alibaki amesimama karibu na sinia la mchicha, akimsikia chumbani akitafuta nguo za safari.